Kwenda mapango ya Mlima Elgon kutoka Nairobi: mwongozo wa wenye hawataki kuingia pango la Kitum mbio mbio

Kila Disemba ikikaribia majirani hapa Umoja huniuliza swali moja, mama Elgon, twende wapi penye si Mombasa na si Naivasha, na jina lenyewe walinipa juu jibu langu ni lile lile kila mwaka, nendeni Elgon muone mapango. Shida ni venye wanaenda. Wanatoka Nairobi Jumamosi alfajiri, wanafika Kitale jioni mgongo umekauka, Jumapili asubuhi wanaingia pangoni dakika 10, wanapiga picha pale mdomoni halafu hao, wamerudi Nairobi. Inaniuma sana, juu hiyo ni karibu kilomita 400 za barabara na kile kitu kinafanya Elgon iwe Elgon hawajakiona, kiko ndani, kiko kwa ukuta, na macho lazima yazoee giza ndio ukione. Sasa naandika hapa venye mimi hupanga. Nimeenda mara tatu, mara ya kwanza nilikosea na nitasema nilikosea wapi.

Kwanza jua unaenda kuona nini

Mapango si Elgon peke yake. Suswa iko karibu na sisi zaidi, unapita Mai Mahiu kuelekea Narok, na kule mbuga ya Chyulu kuna pango linaitwa Leviathan lenye limepimwa likapita kilomita 11. Hayo yalitengenezwa na lava, ule uji wa moto wa volkeno ulitiririka, juu ukapoa ukashika, chini ukaendelea kukimbia mpaka ukaisha, ukaacha shimo refu kama paipu. Leviathan ni ya watu wenye helmeti na kamba na uzoefu, siwezi kumtuma mtu na watoto huko.

Elgon ni hadithi ingine kabisa. Mlima ni volkeno iliyozimika zamani sana, lakini mapango yake hayakutoboka hivyo, yako ndani ya mwamba wa majivu na mawe yaliyogandana, maji yamefanya kazi yake na ndovu nao wamefanya yao kubwa. Ndio, ndovu wamechimba. Mlimani mvua ni nyingi, inaosha chumvi kwa udongo, majani yenye ndovu anakula hayamtoshi chumvi, na chumvi imebaki ndani ya huo mwamba. Basi usiku ndovu wanapanda kwa mstari, mama na watoto wao, wanaingia giza totoro wakipapasa njia na mkonga, wanafika nyuma huko wanadunga ukuta na pembe, vipande vikianguka wanasaga na magego wanameza. Mwanabiolojia mmoja Mwingereza, Ian Redmond, alikuwa akiwafuatilia mle ndani miaka ya 1980. Ujangili uliwapunguza sana, kwa hivyo usiende ukitarajia kuwakuta, lakini alama za pembe ziko kwa ukuta mstari juu ya mstari, na mimi nikizigusa na macho huwa nanyamaza kwanza.

Na si ndovu tu. Elgony, watu wa jamii ya Wasabaot, waliishi mle mapangoni na ng'ombe wao, na walikuwa wakikata huo mwamba wa chumvi kulisha mifugo. Mvumbuzi Mskoti, Joseph Thomson, alipopita huko 1883 aliwakuta wakiishi humo. Kwa hivyo ukiingia ujue ni boma la mababu za watu, usiandike jina lako kwa ukuta, tafadhali sana.

Mbuga ya upande wa Kenya ilitangazwa 1968, iko Trans-Nzoia, kilomita mraba 169, na upande wa pili wa mlima ni Uganda na wao wana mbuga yao. Mapango yenye watu hutembelea ni manne, Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Ukiwa na siku moja ya mapango fanya mawili ya kwanza na uyafanye vizuri.

Chagua siku

Disemba mpaka Februari ndio kavu. Masika yakianza barabara za ndani zinakuwa tope jekundu, na huko magharibi mvua haimaliziki Mei kama kwetu Nairobi, inaendelea mpaka karibu na Septemba, watu wengi wa Nairobi hapo ndio hushikwa, wanaangalia mawingu ya Umoja wanadhani Kitale ni hivyo hivyo.

Siku nne ndio hesabu yangu. Siku ya kwanza ya barabara, ya pili mapango, ya tatu mbuga ile ingine ndogo ya Saiwa Swamp, ya nne kurudi. Ukibanwa sana fanya tatu. Mbili usijaribu, utaendesha gari umechoka kupitia Salgaa, ile barabara ya ajali karibu na Nakuru, usiku na hakuna pango duniani linastahili hiyo.

Lipa kabla ujatoka nyumbani

Mbuga zote za KWS, lile shirika la wanyamapori, siku hizi ni eCitizen, mtandao wa serikali wa kulipia huduma, hakuna cha kutoa noti getini. Fungua akaunti, chagua Mount Elgon, weka idadi ya watu, gari na siku, lipa na M-Pesa, halafu hifadhi risiti kwa simu na uchape moja kwa karatasi. Bei angalia huko huko siku yenye unalipa, usitumie bei yenye mtu alikwambia juu zinabadilika. Beba kitambulisho chenyewe, si picha ya kitambulisho, juu bei ya mwananchi na ya mgeni ni tofauti mbali sana na watakiuliza.

Kulala kuna njia tatu. Ndani ya mbuga kuna banda za KWS zinaitwa Kapkuro, hizo nazipenda, asubuhi unafungua mlango swala yuko nje, lakini ni chache na zinajaa Disemba kwa hivyo shika mapema. Kuna sehemu za kupiga hema. Au ulale Kitale mjini, ni rahisi na kuna chakula, ila unapoteza asubuhi kwa barabara. Wenye watalala ndani wabebe chakula chote kutoka Kitale, usitegemee duka kule juu, beba meko ama makaa, na nyanya vitunguu nunua soko la Kitale, Trans-Nzoia ndio inalisha nchi mahindi na bei ya mboga utafurahi.

Barabara

Gari lako: Waiyaki Way, Naivasha, Nakuru, Mau Summit, Burnt Forest, Eldoret, halafu unakata kwa Kitale ukipitia Soy na Moi's Bridge. Toka saa kumi na moja asubuhi, saa kumi na moja kamili si saa kumi na mbili, juu ukishikwa na malori pale Gilgil siku yako imeisha. Kutoka Kitale unafuata barabara ya Endebess, halafu geti la Chorlim, si mbali, chini ya kilomita 30. Gari dogo kama Vitz litafika getini wakati wa jua, lakini ndani mimi nasema gari la juu, na kama kumenyesha 4x4. Angalia spea iko na upepo. Najua unaona ni kitu kidogo, mimi nimewahi kupata pancha ndani ya mbuga na spea tairi ni laini kama chapati, tukakaa masaa tukingoja gari la msamaria na huruhusiwi kutembea tembea ovyo juu kuna nyati.

Bila gari: basi na shato za Kitale unapata kule River Road na mitaa ya karibu, usiku au asubuhi, mimi napenda za asubuhi. Kitale unabadilisha matatu ya Endebess, halafu boda mpaka Chorlim. Boda haikuingizi ndani ya mbuga. Kutoka getini mpaka mapango ni safari ya miguu ya maana, inawezekana ukiwa na renja, lakini kama mko watu wanne watano ni afadhali mchange mkodishe gari Kitale la siku nzima na dereva mwenye anajua huko, mkubaliane bei na mafuta kabla ya kupanda.

Begi la pango, hapa usikate kona

Tochi mbili kila mtu. Si mbili za kikundi, mbili za mtu, moja ya kichwani na moja ya mkononi, na betri mpya. Hapa ndio nilikosea mara ya kwanza, niliingia Kitum na tochi ya simu, simu ilikuwa asilimia 30, nikapiga video, ikazima tukiwa nyuma kabisa. Giza la pango si giza la blakauti ya mtaani. Mkono uko mbele ya uso hauuoni, na kule njiani kuna ufa mkubwa kwa sakafu, ufa wenye watoto wa ndovu wamewahi kuanguka wakafa humo. Renja ndiye alinishika mkono akaniambia, mama simama hapo hapo, usisogeze mguu. Nilisimama. Tangu hiyo siku mtu akija na mimi na tochi moja haingii.

Halafu maski za kubana uso vizuri, zile za N95 kama unaweza, si kitambaa. Glavu. Shati la mikono mirefu na suruali ndefu, hata kama nje ni jua. Kofia, juu ya popo. Viatu, buti za kupanda ama gambuti, kitu kimefunika mguu wote na chini kina meno, juu mawe pale mdomoni mwa Makingeny yana maji na yanateleza. Slipasi na sandozi acha kwa gari. Sanitaiza, chupa ya maji ya kunawa, mfuko wa plastiki wa kuweka nguo chafu baadaye. Sweta nzito, uko zaidi ya mita 2,000 na usiku kuna baridi ya kutetemeka. Na maji ya kunywa, ila chakula usiingize pangoni hata njugu.

Getini

Geti ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Fika mapema, onyesha risiti, andikisha gari, halafu uliza renja wa kuwapeleka mapangoni. Ada yake ni kando na kiingilio. Kuna watu huniambia ati barabara ina vibao wataenda wenyewe, na ni kweli vibao viko, lakini mtu mwenye anajua kama ndovu waliingia jana usiku ni renja. Anaangalia mavi pale njiani kama yana unyevu, anaangalia nyayo, anasikiliza. Nyati nao hupenda hizo njia. Tena ana bunduki, wewe una sanitaiza.

Msalimie vizuri, muulize jina, mwambie ukweli wenu, kwamba huyu magoti yanamsumbua na huyu anaogopa giza. Yule renja wetu mzee alituambia, "Mimi siwapeleki haraka, nyinyi ndio mtaniambia tuendelee," na hiyo ndio ilifanya siku ikawa nzuri. Muulize habari za hapo, wengi ni wa huko huko na wanajua vitu havijaandikwa mahali.

Ndani ya pango

Anza na Makingeny ama Kitum, mimi huanza na Makingeny asubuhi kwa sababu maji yanaanguka mbele ya mdomo wa pango kama pazia na mwanga wa asubuhi ukipita hapo ni kitu ya kukaa chini uangalie. Unapita nyuma ya maji unaingia. Dakika 20 hapo, si haba.

Kitum sasa. Mnaacha gari, mnapanda kidogo kwa msitu, kuna miti mikubwa ya podo na olive na kolobasi, yaani mbega, wale weusi na weupe wanaruka juu, halafu ghafla mdomo uko mbele, mpana, mkubwa kuliko venye ulidhani. Hapa fanya hivi.

Simama mdomoni, vaa maski na glavu kabla ya kuingia, si ndani. Washa tochi zote mbili uone zinafanya kazi halafu zima moja. Ingia hatua kadhaa, simama tena, ngoja kama dakika tano bila kuongea. Watoto wataona ni mingi lakini wataweza. Macho yakizoea ndio unaanza kuona pango lina umbo, mawe yaliyoanguka kutoka dari, vumbi jembamba chini, njia yenye ndovu wamekanyaga mpaka ikawa laini.

Panga mstari mmoja nyuma ya renja. Mtoto katikati ya watu wakubwa wawili. Kila mtu anamulika chini mguuni kwake, si usoni kwa mwenzake na si juu kwa popo. Yule ufa niliosema renja atawaonyesha, pitieni penye anapita yeye.

Sasa angalia ukuta. Mulika kutoka pembeni, si moja kwa moja, tochi ikilala kando ya ukuta zile alama za pembe zinajitokeza na kivuli, moja juu ya ingine mpaka juu kuliko kichwa chako. Ukiangalia juu darini muulize renja akuonyeshe miti iliyogeuka mawe, magogo ya msitu wenye ulifunikwa na majivu ya volkeno mamilioni ya miaka iliyopita, unaona hata umbo la gogo. Hiyo watu wengi hupita chini yake bila kujua. Pango linaingia ndani karibu mita 200 na si lazima ufike mwisho. Mimi nasimama penye alama za pembe zinakuwa nyingi na popo wanaanza kusikika, hapo naomba kila mtu azime tochi kwa dakika moja tukiwa tumeshikana mikono. Unasikia maji yakidondoka mbali na mabawa. Unafikiria mtoto wa ndovu anafuata mkia wa mama yake hapo hapo.

Usilambe wala kuchukua kipande cha chumvi. Usipige kelele. Usiweke mkono kwa mashimo. Usiguse uso mpaka utoke unawe. Na picha piga bila flashi kule nyuma, wale popo wamelala.

Kuhusu popo na Marburg, soma hii yote

Sitawaficha. 1980 kuna Mfaransa alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, alikuwa ametembelea Kitum, akaugua akafia hospitali hapa Nairobi, na daktari aliyemtibu akaambukizwa lakini akapona. 1987 kijana wa Denmark wa miaka 15 aliyekuwa ameingia pango hilo naye alikufa. Ugonjwa ni Marburg, ndugu wa Ebola. Miaka mingi watu hawakujua unatoka wapi, baadaye ikajulikana popo wale wakubwa wala matunda ndio hubeba, na kati ya popo waliochukuliwa Kitum 2007 kulipatikana alama za hicho kirusi.

Hiyo haimaanishi usiende. Wageni wengi wameingia wakatoka salama, na mbuga iko wazi. Inamaanisha kwamba maski na glavu si mapambo, na kwamba ile nyuma kabisa penye popo wamejaa na kinyesi chao kiko chini hakuna haja ya kukaa. Mwenye ana kidonda wazi mkononi abaki mdomoni. Mama mjamzito mimi simpeleki ndani, na mtoto mchanga pia, huo ni uamuzi wangu na sibadilishi. Kutoka mdomoni pekee unaona mengi, kwa hivyo hakuna mtu ameachwa nyumbani.

Siku ya tatu

Wenye nguvu wanaweza kuendesha juu kuelekea njia ya Koitobos, kilele cha mita 4,222 upande wetu, lakini kupanda chenyewe ni safari ya kujipanga peke yake. Wengine wote nendeni Endebess Bluff muone bonde lote chini. Njiani ya kurudi kuna Saiwa Swamp, mbuga ndogo sana karibu na Kitale, unatembea kwa miguu juu ya mbao kwa kinamasi ukitafuta sitatunga, yule swala wa majini. Wazee wanaipenda hiyo kuliko pango. Kiingilio chake kinalipwa kando, tena eCitizen.

Ukitoka pangoni

Kabla ya kuingia kwa gari, vua glavu kwa kuzigeuza nje ndani, vua maski, weka kwa mfuko funga. Nawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko, halafu uso. Pangusa viatu vumbi lote libaki huko huko mlimani, mkifika nyumbani osha soli na maji ya dawa. Nguo za pango zifuliwe peke yake na maji moto. Mimi huwafanyia watoto hivyo nikiwa nimesimama hapo hapo, hakuna mtu anagusa chapati kabla.

Na ya mwisho, weka kwa simu tarehe yenye mliingia pangoni, halafu weka alamu ya siku 21 mbele, juu Marburg ikikushika inajitokeza ndani ya hizo wiki tatu. Homa kali ikija katikati, kichwa na mwili kuuma, usinunue dawa ya malaria kwa kemisti ukalala. Piga simu hospitali kwanza, na ukifika neno la kwanza umwambie daktari liwe nilikuwa pangoni Elgon tarehe fulani. Alamu ikilia na nyinyi wote wazima, izime, anza kuchanga ya Disemba ingine.